Kuchaji kambini: taa ya kazi isiwe deni la mchimbaji

Kule Ulaya, kila msimu wa likizo, kuna ugomvi mmoja unaorudi. Watu wanatoka mjini wakivuta karavani nyuma ya gari, ama wakiendesha yale magari makubwa yenye kitanda na jiko ndani, wanaenda kulala kwenye kampingi. Kampingi ni uwanja tu. Kila familia inapewa kipande chake cha majani, na pembeni ya kipande kuna nguzo fupi yenye priza. Unalipa bei ya usiku, na mara nyingi umeme uko ndani ya ile bei. Kwa miaka mingi priza hiyo haikuleta maneno, kwa sababu familia ilikuwa inawasha taa, friji ndogo, na asubuhi maji ya kahawa. Basi.

Halafu magari ya umeme yakafika. Mgeni anaegesha, anatoa kamba yake, anachomeka gari kwenye priza ileile ya friji, anaenda kulala. Mwisho wa mwezi mwenye kampingi anapokea fakitire na anashika kichwa.

Hesabu yake si ngumu. Priza za kampingi kule Ufaransa mara nyingi ni za ampea 6 au 10, na Uingereza unakuta za 16. Chukua ampea 10. Kwa volti 230, hizo ni wati 2.300. Friji ndogo inavuta kama wati mia moja, tena inapumzika kila wakati. Birika la maji linavuta nyingi, lakini kwa dakika nne tu. Gari haipumziki. Gari yenye betri ya kilowati-saa 60, ukiichomeka kwenye priza hiyo, itavuta zile wati zote kwa masaa 26 mfululizo mpaka ijae. Jirani aliyekuja na gari ya mafuta, au na baiskeli na hema, amelipa bei ileile ya usiku. Yaani analipia safari ya mwingine bila kujua.

Wenye kampingi wamejibu kwa namna tatu. Wamoja wamekataza kabisa: ukionekana na gari kwenye priza, unafukuzwa. Wengine wamepandisha bei ya usiku kwa wote, mwenye gari ya umeme na asiye nayo. Na wengine, ambao kwetu ndio wenye akili, wameacha priza ndogo iendelee kuwa ya taa na friji ndani ya bei ya usiku, halafu wamesimamisha nguzo nyingine pembeni, yenye waya mnene, mita yake, na bei ya kilowati-saa imeandikwa mbele ambapo kila mtu anaisoma kabla ya kuchomeka. Kile ambacho mtu hawezi kuishi bila hicho kiko ndani ya bei. Kinachozidi kinapimwa.

Ni hiyo njia ya tatu iliyotufanya tuandike.

Msomaji atatuuliza: ninyi watu wa sendika ya wachimbaji, mmeketi hapa Kalundu, mbele yenu bandari, nyuma yenu mlima, karavani mmeiona wapi? Kweli, hatujaiona. Lakini kambi tuko nazo. Watu wetu wanaishi kwenye kambi, si kwa likizo. Ukipanda kutoka hapa kuelekea Fizi, ukafika kwenye machimbo ya dhahabu ya upande wa Misisi, ama ukiingia milimani kwenye bati na koltani, utakuta vijiji vya turubai ambavyo jana havikuwepo na kesho pengine vitahama. Mamia ya watu wanalala pale. Laini ya SNEL haifiki. Na katikati ya kila kambi, karibu na anayeuza maharage na anayeuza betri za redio, kuna kibanda cha kuchaji.

Kibanda hicho ndicho kampingi yetu. Kina jenereta ndogo nyuma, au paneli moja mbili za jua juu ya paa, na meza iliyojaa simu, kila simu ina karatasi yenye jina. Bei haikuandikwa popote. Unaambiwa. Siku ya soko unaambiwa hivi, siku ya mvua unaambiwa vingine.

Tuchukue faranga 500 kwa simu moja, bei ambayo hakuna mtu wa kambi atakayeishangaa. Kuna mahali inazidi. Betri ya simu ya kawaida ya leo inabeba kama wati-saa 20. Kwa hiyo kilowati-saa moja, yaani wati-saa 1.000, ni simu 50. Mara faranga 500: mchimbaji ananunua kilowati-saa moja kwa faranga 25.000. Kwa dola, ukihesabu faranga 2.800 kwa dola moja kama ilivyokuwa mwaka 2024, ni karibu dola 9. Mzungu anayelia kwamba kituo cha kuchaji cha barabara kuu kinamnyonya, mara nyingi hafiki euro moja kwa kilowati-saa.

Tugeuze ile hesabu. Betri ya gari ya kilowati-saa 60 ni sawa na simu 3.000. Kama yule mgeni wa kampingi angechaji gari yake kwa bei ya kibanda chetu, angelipa faranga 1.500.000, zaidi ya dola 530, kujaza mara moja. Angeacha gari palepale na kurudi nyumbani kwa miguu.

Hatuandiki hivi ili kumlaumu yule mgeni. Wala hatutaki kurudia wimbo wa kila siku kwamba madini yanatoka kwetu na mwanga uko kwao. Wimbo huo ni wa kweli, lakini ukishaimbwa hakuna kinachobadilika kambini. Tena tuwe waangalifu na maneno: kobalti ya betri za magari inatoka Kolwezi na Lualaba, si huku kwetu, na betri nyingi za magari ya siku hizi hazina kobalti hata kidogo. Huku kwetu kuna bati inayounganisha vipande ndani ya kila chombo cha umeme, koltani ya vile vipande vidogo vya ndani ya simu, na dhahabu. Shida yetu iko karibu zaidi kuliko Ulaya. Iko kati ya mchimbaji, mwenye kibanda na mkuu wa shimo.

Mwenye kibanda kwanza, kwa haki. Yeye si mwizi. Mafuta yanapanda mlimani kwa pikipiki au mgongoni, na kila kizuizi barabarani kina bei yake. Paneli inaibiwa. Jenereta inakufa na fundi yuko mbali. Lakini hata ukimhesabia vizuri, bado inabaki. Jenereta ndogo ikipewa kazi ya kutosha inatoa walau kilowati-saa moja kwa lita moja. Tuseme sehemu inapotea kwenye waya na vichwa vya kuchaji, zinabaki simu 40: faranga 20.000. Hata lita ikifika kambini kwa 6.000, hata ukitoa oili na kuchakaa kwa mashine, mtu huyo anapata zaidi ya mara mbili ya alichoweka. Na mwenye paneli hanunui hata mafuta. Biashara nzuri. Hatuipingi. Tunachopinga ni kwamba bei haionekani, na kwamba mteja hana pengine pa kwenda.

Sasa jambo lenyewe. Simu mtu anaweza kuiacha izimike. Ataumia, hatasikia watoto, hatapokea pesa kwenye simu, lakini kesho yuko hai. Taa ya kichwa haiko hivyo. Bila taa hakuna kushuka. Na taa hizo nazo zinachajiwa kwenye kibanda kilekile, kwa pesa ya mchimbaji mwenyewe, au kwa deni.

Deni ndilo linaloua. Iko namna hii: kwenye mashimo mengi tunayoyajua, kabla ya kugawana mazao, mkuu wa shimo, yule tunayemwita PDG, anatoa kwanza gharama za shimo. Chakula cha timu, miti ya kuegemeza kuta, mafuta ya pampu ya maji, kamba. Hizo zinatoka kwenye fungu la wote. Kinachobaki ndicho kinagawanywa. Lakini kuchaji taa hakumo kwenye gharama za shimo. Kunahesabiwa kama sigara: jambo lako binafsi. Usipokuwa na faranga, mwenye kibanda anaandika kwenye daftari, na siku ya mgao daftari linafika kabla yako. «Fulani, taa iko ku deni.» Mtu aliyekaa wiki tatu bila mshipa mzuri anaweza kukuta taa na simu zimekula sehemu ya kumpeleka mtoto shuleni.

Na kabla ya kufika huko, kuna wanaofanya ujanja wa maskini. Wanachaji kila siku ya pili. Wanashuka wawili kwa taa moja. Wanashuka na taa iliyobaki nusu, wanaizima wakiwa wamekaa, wanaiwasha wakipiga. Tumekaa na vijana waliotueleza hivyo wakicheka, kama kitu cha kawaida. Kijana ambaye taa yake inazimika mita thelathini ndani, kwenye njia ambayo mtu anapita kwa tumbo, haoni ufa kwenye ukuta, haoni mti wa nguzo ukiinama. Ripoti ikija, inaandika: shimo limeanguka. Juu ya taa hakuna mstari.

Kwenye mgodi wowote wa kampuni unaochimba chini ya ardhi, jambo hili lilimalizwa zamani sana. Kuna chumba cha taa. Mfanyakazi anapita pale akiingia zamu, anachukua taa iliyojaa, akitoka anairudisha, inachajiwa kwa umeme wa kampuni. Mfanyakazi hakatwi mshahara kwa sababu taa imekula umeme. Taa ni chombo cha kazi kama vile ngazi. Sisi tunaitwa wachimbaji wadogo, hatuna mshahara, sheria haituweki kama wafanyakazi wa PDG, tunagawana. Sawa. Lakini kama tunagawana mazao, basi tugawane na umeme wa kuyatoa. Taa iingie kwenye gharama za shimo, kabla ya mgao, pamoja na chakula na miti. Simu ibaki ya mwenyewe, ipimwe, bei iandikwe.

Ni njia ya tatu ya wale wenye kampingi, neno kwa neno. Friji na taa ndani ya bei ya usiku, gari kwenye mita. Kwetu: taa ya kichwa ndani ya gharama za shimo, simu na spika ya muziki kwenye bei ya ukutani.

Kuna upande wa pili ambao kampingi zinatufundisha, nao ni moto.

Wenye kampingi hawakukataza magari kwa ajili ya pesa tu. Wengi waliogopa waya zao. Waya ni kama bomba: una kiasi chake. Lakini tofauti na bomba la maji, waya ukizidiwa haumwagi, unapata joto. Na joto lake halipandi hatua kwa hatua pamoja na umeme. Ukiongeza umeme mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Waya ambao kwa friji ulikuwa baridi, kwa gari unachemka usiku kucha. Ukichukua waya mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu lake, ukauacha umejikunja, joto haliko na pa kutokea, na plastiki inaanza kuyeyuka. Ndiyo maana kule wanasisitiza: kunjua waya wote hata kama gari iko karibu.

Ingia sasa kwenye kibanda chetu. Waya mwembamba mmoja unatoka kwenye jenereta. Umefungwa priza ya matundu manne, kwenye moja ya hayo imefungwa nyingine, kwenye ile imefungwa ya tatu. Simu na taa hamsini, redio, pengine na friji ya bia. Ukuta ni turubai, kitanda cha mlinzi ni nyasi, na bidoni ya petroli iko hatua mbili kwa sababu akiiacha nje itaibiwa. Mahali pengine wameweka na betri kubwa za gari, zile za asidi, wanazichaji ndani usiku mlango umefungwa. Betri ya asidi ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka; inatakiwa hewa ipite. Fundi yeyote wa betri hapa mjini anajua, ndiyo maana anachaji mlangoni. Kule kambini anayejua ni nani? Kibanda kikishika moto usiku kwenye kijiji cha turubai, hakiungui peke yake.

Hapa Kalundu pwani kuna mfano wetu wenyewe, bila kwenda mbali. Wavuvi wa ndagala wanavua usiku kwa taa. Zamani ilikuwa taa za presha za petroli, zile zinazounguruma. Leo wengi wamehamia taa za LED zenye betri, na mchana ukipita ufukoni unaona betri zinachajiwa kungoja giza. Wavuvi wamefanya jambo moja ambalo sisi wa machimbo hatujalifanya: mara nyingi mwangaza ni gharama ya chombo. Kabla ya wavuvi kugawana samaki, mwenye mtumbwi anatoa kwanza mafuta ya injini na mwanga. Haijawahi kuonekana mvuvi mmoja anadaiwa peke yake kwa taa iliyovuta ndagala ya wote. Walikuwa wanafanya hivyo na petroli, na betri zilipofika hawakubadilisha. Kwa hiyo wanaotuambia kwamba «haiwezekani, kila mutu na taa yake», waende wakaulize chini pale, ni mwendo wa dakika kumi.

Tusimame kidogo hapa mjini, maana wapo watakaosema habari ya kambi ni ya mlimani na Uvira ina umeme wake. Umeme wetu unatoka Ruzizi, mto unaotoka ziwa Kivu na kuingia ziwa letu. Ruzizi ya kwanza ni ya tangu wakati wa Wabelgiji. Ya pili ilianza mwaka 1989, na umeme wake unagawanywa kwa nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Ruzizi ya tatu tumeisikia miaka mingi. Mashine hizo ni za zamani, watu wameongezeka, na kila mkaaji wa Kavimvira mpaka Kalundu anajua maana ya kungoja zamu ya umeme. Mwaka 2020 mto Mulongwe ulipobomoa mji, na tena ziwa lilipopanda na kuingia ndani ya nyumba na bandarini mwaka 2024, tuliona nguzo na nyaya zikisimama majini. Mtandao huo ndio tutakaochomeka nini kesho?

Pikipiki za umeme, kwa kuanzia. Si ndoto. Kigali ziko barabarani tangu 2019, dereva anabadilisha betri kituoni badala ya kungoja ijae, na mwaka 2021 serikali ya Rwanda ilipunguza kodi za magari ya umeme na kuvipa vituo vya kuchaji bei ya umeme ya viwanda. Kenya, mwezi wa nne 2023, iliweka bei ya pekee ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri, tena rahisi zaidi usiku wakati watu hawatumii. Ethiopia mwaka 2024 ilikataza kabisa kuingiza magari madogo ya mafuta. Na jirani yetu Bujumbura, ambako petroli imekosekana mpaka watu wanavuka mpaka kuja kuitafuta hapa Uvira, hao hawatakawia kuangalia upande wa umeme. Chombo kitakachozunguka Bujumbura wiki hii, wiki ijayo kiko Kavimvira. Na dereva akilala Kalundu kungoja boti ya Kigoma, atatafuta priza. Ataipata kwa mama mwenye nyumba ya wageni ambaye analipa SNEL kwa bei ya mwezi, bila mita. Ugomvi uleule wa kampingi, siku moja tu baadaye.

Mama huyo atakataza, ama atapandisha bei kwa wote. Asiwe na njia ya tatu kwa sababu hakuna aliyemuuzia mita? Mita ndogo ya ndani, ile ambayo fundi anaifunga kati ya laini na priza moja, si chombo cha ajabu. Ingekuwa kila nyumba ya wageni ya bandarini iko na priza moja ya namna hiyo, yenye waya mnene na kikata-umeme chake, bei imeandikwa ukutani kwa faranga, mambo mengi yangeisha kabla hayajaanza. Tunaliomba jiji na SNEL walifikirie sasa, wakati pikipiki hizo bado ni za kuhesabu kwa vidole. Zikishakuwa mia tano, kila mtu atakuwa na waya wake dirishani na hakuna atakayekubali kuuondoa.

Lakini turudi mlimani, maana huko ndiko watu wanashuka na nusu ya mwanga.

Kuna wenzetu ndani ya sendika wanaotuambia tunapoteza wakati. Wanasema: acheni vibanda, tudai kiwanda cha betri. Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza betri mwaka 2022, na mwaka mmoja kabla, kwenye mkutano mkubwa wa Kinshasa, wataalamu walionyesha kwamba kiwanda cha kutayarisha madini ya betri kingejengwa Kongo kwa dola milioni 39, bei ambayo ni theluthi tu ya ile ya Marekani. Tunakubali kiwanda kidaiwe. Tutatembea barabarani pamoja kwa ajili yake. Ila kijana anayeshuka kesho saa kumi na mbili asubuhi hawezi kuvaa kiwanda kichwani.

Wengine wanasema sheria ipo. Ipo kweli. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa watu binafsi kuzalisha na kuuza umeme, na ikaleta mamlaka ya kusimamia, ARE. Sheria ya madini, kama ilivyorekebishwa 2018, inataka mchimbaji mdogo awe ndani ya kooperative. Na kuna SAEMAPE, idara ya serikali iliyowekwa kutusaidia na kutusimamia sisi wadogo. Lakini sheria ya umeme iliandikwa ikiangalia mabwawa na nyaya ndefu, ya madini ikiangalia mawe. Kibanda cha kuchaji kimeanguka katikati. Afisa anapofika kambini anauliza kadi za wachimbaji na uzito wa mifuko. Hatujawahi kumwona anayeinama chini ya meza ya simu kugusa waya kama una joto.

Hivyo tunaanzia kwenye kooperative, kwa sababu huko hatungoji mtu wa Kinshasa. Kooperative iko na katiba yake na mikutano yake. Inaweza kuamua leo kwamba taa za timu ni gharama ya shimo. Inaweza kuamua kwamba hakuna kibanda kinachochaji ndani ya kambi bila bei kuandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, bila mafuta kuwekwa mbali na mashine, na bila betri za asidi kukaa mahali penye hewa. Mwenye kibanda asiyetaka yuko huru kwenda kuuza maharage. SAEMAPE tunaiomba kitu kimoja: kwenye karatasi yake ya ukaguzi, iongeze mstari wa taa na mstari wa kibanda.

Maprezida wa kooperative na maPDG tumeanza kuwasikiliza, na jibu lao tunalijua: gharama. Basi tuhesabu mpaka mwisho. Taa ya kichwa ya kawaida inatumia betri ya kama wati-saa 10. Timu ya watu 20 ni wati-saa 200 kwa siku, weka 250 kwa kile kinachopotea. Paneli moja ya wati 100, kwenye jua la milima yetu, hata ukiitoa siku za mawingu, inatoa kama 400. Paneli moja, betri moja ya kuhifadhi, ubao wa misumari ishirini yenye majina, na mtu mmoja wa kuzihesabu taa zikitoka na zikirudi. Jioni ikikosekana moja, tunajua kuna mtu bado yuko chini. PDG anayenunua pampu ya kutoa maji, na tena injini ya pili ya kuisaidia ya kwanza, asituambie kwamba paneli moja inamfilisi.